Mama Hortense na Neno Lililobandikwa Mlangoni

Siku ya formation, yaani mafunzo ya kujikinga na ugonjwa, mtu pekee katika nyumba nzima aliyewahi kuvaa mavazi ya kinga mbele ya ugonjwa wa kuua alikuwa jikoni anachemsha chai. Ndiyo, jikoni! Waliojua kidogo walipewa viti, aliyejua akapewa sufuria. Hasira ya siku ile Mama Hortense hajaimeza mpaka leo, na ukimgusia habari hiyo sokoni, jiandae kusimama hapo mpaka nyanya zako zioze.

Nyumba yenyewe ni ya wazee wasio na mtu. Iko Bankoko, hapa Bunia, nyuma ya ukuta wa matofali ambao vijana wa moto wanaegemeza pikipiki zao wakingoja abiria. Watu wa mtaa wanaiita Kwa Wazee tu. Ndani kuna wazee ishirini na wawili, wengi wao waliokimbia vijiji vyao wakati wa vita, na watoto wao ama wamekufa ama hawajulikani waliko. Wanawake wanane wanawaosha, wanawalisha, wanawageuza kitandani na kubadilisha mashuka yao. Hortense ni mmoja wa hao wanane, lakini kwenye karatasi za komite aliandikwa "mfagiaji", kwa sababu hana diplome.

Ni mtoto wa Kilo, kule kwenye migodi ya dhahabu. Baba yake alichimba dhahabu maisha yake yote, akafa bila hata pete kidoleni. Yeye shule ilimwishia mwaka wa nne wa primaire. Sasa ana miaka hamsini na sita, mwili umejaa, sauti ni ya kuita ng'ombe walio kilima cha pili, na ulimi wake, Mungu atusaidie. Wakati wa Ebola alifanya kazi kwenye kituo cha matibabu, upande wa usafi: kupuliza dawa ya chlore, kuokota matapishi, kuchoma taka. Miezi kumi na minne, kila siku, alivaa yale mavazi na kuyatoa, na hakuugua hata siku moja. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Kuvaa ni kazi ya mutoto. Kutoka ndani ya ile vitu, ni pale kifo iko inakuchungulia."

Mwaka jana, mvua za mwezi wa kumi zilipoingia kwenye visima, kipindupindu kikafika Kwa Wazee. Wawili waliharisha siku moja. Wakahamishiwa chumba cha mwisho kwenye baraza, kikaitwa chumba cha wagonjwa. Mwenyekiti wa komite, Papa Jérôme, mfanyabiashara wa mabati, akaleta mfundishaji: Monsieur Kasereka, muuguzi wa kutoka Butembo, shati limepigwa pasi, na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Tuseme ukweli, Kasereka si mtu mbaya. Alifundisha kwa moyo, jasho likimtiririka. Umeme ulipokatika alichora kwa mkaa.

Ila karibu siku nzima aliimaliza kwa kufundisha kuvaa. Bluzi ndefu ya plastiki inafungwa mgongoni hivi. Gants za mikononi zinapanda juu ya mkono wa bluzi hivi. Cache-nez inafunika pua na mdomo hivi. Na bikwembe, vile vitenge vya kujifunga kiunoni, marufuku, kwa sababu ncha zake zinaburuta chini. Ndani ya bluzi mama avae patalo, yaani suruali. Hortense alikuwa ameleta chai, amesimama dirishani na sinia.

"Na kutoka?" akauliza. "Batatoka namna gani?"

"Tutafika pale, mama," akasema Kasereka.

"Mutafika saa ngapi? Jua inashuka."

"Mama Hortense," akasema Papa Jérôme bila kugeuza kichwa, "chai iko inapoa."

Kutoka kulipewa nusu saa ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao. Kasereka akaandika hatua sita kwenye karatasi kubwa, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa. Juu yake, kwa herufi kubwa, aliandika: HATUA ZA KUVUA NGUO. Wote wakapiga picha pamoja, bila mfagiaji, na formation ikaisha.

Wiki moja haikupita, wakaugua wengine watatu. Wala hawakuwa majirani wa wale wa kwanza! Mmoja alikuwa analala upande wa pili wa uwanja. Koko Émilienne, bibi aliyekuwa akiimba akichambua maharage, aliugua Jumanne na kufa Alhamisi asubuhi, kabla ya uji. Aliyekuwa akimhudumia ni Alliance, msichana wa miaka ishirini na tatu, mdogo kuliko wote katika kazi. Alliance alilia mpaka akashindwa kusimama, na Hortense alilia pia, lakini kilio chake kilikuwa na ngumi ndani yake.

Baada ya maziko Papa Jérôme akaita mkutano uwanjani, Kasereka naye akiwepo.

"Tulibaletea formation," akasema. "Tulibaletea bluzi, gants, chlore, kila kitu. Na bado bazee banagonjwa. Hawa bamama ni vichwa nguvu, ni vile tu. Miye sina maneno mingi. Mugonjwa mupya mumoja ndani ya siku kumi, tunafunga nyumba. Bazee bataenda kwenye site."

Site ni kambi ya waliokimbia vita, nje ya mji. Kila mtu Bunia anajua mzee wa miaka themanini anadumu muda gani akilala chini ya turubai wakati wa mvua. Wazee wenyewe walikuwa wameketi pale wanasikiliza. Hortense akasimama.

"Papa Jérôme, hapana."

Watu walizoea kumwambia Papa Jérôme "pardon" kwanza. Akamwangalia. "Hapana nini?"

"Hutafunga. Unipe ule mulango ya chumba ya bagonjwa. Miye nisimamie mwenye kuingia na mwenye kutoka. Siku kumi."

"Na diplome gani, mama?"

"Ya kuwa muzima! Niliingia kwa Ebola miezi kumi na ine, nikatoka na miguu yangu. Weye uko na ile diplome?"

Kasereka akakohoa, akaangalia viatu vyake. Papa Jérôme akatazama saa yake. "Siku kumi," akasema. "Kiisha usikuje kulia mbele yangu."

"Nilikulilia siku gani?"

Asubuhi iliyofuata Hortense akaweka kigoda mbele ya mlango ule, akakaa kama askari wa barrière ya barabarani. Alliance akaingia na maji ya uvuguvugu, akamwosha Koko Bénédicte, mmoja wa wale waliougua karibuni, akambadilishia shuka, akatoka. Hortense akangoja kuona. Msichana akaipita ndoo ya chlore pale pale mlangoni. Akashuka uwanjani na bluzi yake imelowa kifuani, gants mikononi, akapita kando ya sahani zilizoanikwa, akaingia depo ya chakula na kufunga mlango.

Hortense hakuamini macho yake. Akamfuata, akasukuma mlango. Ndani, kwenye misumari, juu ya magunia ya unga na maharage, zilining'inia bluzi tano chafu zinadondosha maji.

"Alliance! Unafanya nini humu?"

"Yaya, usiingie! Niko navua," akalia Alliance, akimwita dada mkubwa kama siku zote.

"Unavulia ndani ya unga? Weye uko na akili?"

Alliance akajikunja nyuma ya gunia. "Baliandika kuvua nguo, yaya. Sasa miye nivue nguo pale kwenye baraza, mbele ya Muzee Mathieu anayekaa pale siku muzima? Na niko na patalo tu, bila kikwembe? Mama yangu akisikia, atanikana. Siye bote tunakuja humu. Tulisema ni heshima."

Heshima! Hebu fikiria. Kwa Kifaransa, Kasereka alikuwa na neno lake la ofisini, lenye maana ya kujitoa ndani ya mavazi ya kinga, akaligeuza moja kwa moja kwa Kiswahili. Lakini hapa kwetu ukimwambia mama wa watu avue nguo mbele ya mzee, umemtukana yeye, umemtukana mzee na ukoo wake wote. Wale wanawake hawakuwa vichwa ngumu hata kidogo. Walisoma karatasi, wakaona haya, wakatafuta mahali penye mlango. Na mahali penye mlango palikuwa depo. Wakaubeba ugonjwa vifuani mwao, kwa adabu kabisa, mpaka kwenye unga na vyombo vya uji.

Hortense aliona Alliance akihesabu kichwani, kisha uso wa msichana ukabadilika.

"Uji ya Koko Émilienne," akasema. "Yaya, ni miye? Ni miye niliua koko?"

Akaja mikono mbele, anataka kushikwa. Hortense akarudi nyuma. "Usinishike! Gants kwanza!" Akamwongoza mpaka kwenye ndoo, hatua kwa hatua, akimwelekeza kwa sauti tu, mikono yake mwenyewe mgongoni. Msichana alipokuwa safi kabisa, ndipo Hortense akamvuta kifuani na kumshika muda mrefu. "Si weye," akamwambia. "Sikia nikuambie. Si weye. Ni ile neno."

Unga wote ukachomwa, maharage yakachomwa, depo na vyombo vikaoshwa kwa chlore mara tatu. Kasereka akaitwa. Alifika mbio, akaonyeshwa misumari, akaonyeshwa karatasi yake mwenyewe mlangoni. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Mama Hortense, miye nilitafsiri tu."

"Najua. Ulitafsiri muzuri, na balikuelewa muzuri. Tatizo iko pale."

Mtu mwingine angeanza kubishana. Kasereka aliibandua karatasi kwa mkono wake, akatoa kalamu yake nene, akauliza, "Niandike nini?"

"Bluzi haiko nguo," akasema Hortense. "Nguo ni kitu unavaa kwenda misa. Hii ni uchafu iliyonishika. Uchafu hatuvue, tunatupa. Andika vile: HAPA TUNATUPA UCHAFU."

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Wanawake waliisoma karatasi mpya, wakaielewa, lakini miguu ilikataa. Maana mbele ya mlango ule, siku nzima, huketi Muzee Mathieu, miaka themanini na moja, miguu imekufa ganzi, aliyekuwa katekista kwa miaka thelathini. Hortense alipoanza kuwaonyesha, akishika mafundo ya bluzi mgongoni, Muzee Mathieu alifumba macho na kugeuza uso ukutani. Wazee wengine wakafanya vile vile. Wanawake kuona hivyo, wakaanza kurudi nyuma kuelekea depo.

Hapo Hortense akawaka.

"Muzee, geuka!"

"Mutoto wangu, siwezi kuangalia mwanamuke anavua."

"Havue. Anatupa uchafu."

"Ile ni maneno tu."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa maneno tu, na Koko Émilienne iko kwa kaburi!"

Wanawake walishika vinywa; kumpandishia Muzee Mathieu sauti ni jambo lisilofanyika. Hortense hakuomba radhi. Alichuchumaa mbele ya kiti chake, akashusha sauti.

"Kule kwa Ebola," akasema, "kulikuwa mutu mumoja anasimama upande ya safi. Kazi yake ni kusema: fanya hii, sasa fanya hii. Bila sauti yake hakuna mutu alitikisa hata kidole. Hata docteur. Miye niko natafuta ile sauti, Muzee. Hawa bamama banakuogopa weye. Weye ukibaambia, haiko haya tena. Ni kutii."

Muzee Mathieu alikaa na uso wake ukutani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Na kikwembe yao? Iko wapi?"

"Kikwembe?"

"Munabaacha na patalo mbele ya batu, kama hawana wazazi. Piga mustari chini. Hapa uchafu, hapa safi. Upande ya safi, weka musumari. Kila mama atundike kikwembe yake pale mbele ya kuingia. Akimaliza kutupa, anajifunga." Ndipo akageuka. "Kiisha uniletee miwani."

Nani angefikiria? Projekta haikufikiria, komite haikufikiria, na Hortense na Ebola yake hakufikiria. Mstari ukapigwa kwa chokaa. Msumari ukapigwa, na upande wa uchafu likawekwa pipa la kutupia. Na tangu siku hiyo, kila mama alipotoka chumba cha wagonjwa, ile sauti ya katekista ilivuka ukuta mpaka kwa vijana wa moto:

"Gants! ... Mikono! ... Bluzi, anzia mugongo, kunja ndani! ... Mikono! ... Cache-nez, shika kamba tu! ... Mikono! ... Kikwembe, mutoto wangu. Aksanti."

Aliyeruka hatua alirudishwa mwanzo. Mireille, mmoja wa wale wanane, mwenye haraka zake, siku moja alirudishwa mara nne, akaapa ataacha kazi, na kesho yake akafika wa kwanza. Vijana wa nje walianza kuitana "Mikono!" badala ya kusalimiana. Siku ya sita mzee mmoja akatapika, nyumba nzima ikasimama roho juu. Kumbe alikula maparachichi matano peke yake. Siku ya saba, wawili wakapona na kurudi vitandani mwao. Siku ya tisa Koko Bénédicte, bado dhaifu, aliuliza kama nyumba hii imesahau kwamba samaki wapo duniani.

Siku ya kumi Papa Jérôme akafika, koti la suti, viatu vinang'aa. Wanawake wote wanane walikuwepo, na Kasereka pia.

"Bagonjwa bapya ngapi?"

"Hakuna," akasema Hortense.

"Sitaki kuambiwa. Nitaona na macho yangu."

"Karibu. Lakini utavaa."

Alivaa, akinung'unika. Hortense mwenyewe alimfunga bluzi mgongoni juu ya koti lake, akamwambia asishike kitu. Akaingia. Akashika chuma cha kitanda. Akafunua ndoo, akaifunika. Akahesabu: Koko Bénédicte na mwingine mmoja, wale wale wa zamani, wote wawili wanapata nafuu. Hakukuwa na mgonjwa mpya wa kuhesabu. Basi akapandisha bluzi, akaingiza mkono wenye gants ndani ya koti, akatoa karatasi yenye muhuri.

"Hata vile, komite ilikwisha kuamua," akasema, na pale pale juu ya vitanda vya wagonjwa akaisoma: nyumba inafungwa mwisho wa mwezi, wazee wanapelekwa kwenye site.

Hortense alikuwa mlangoni, upande wa safi. Macho yake si mabaya, aliona tarehe. Barua iliandikwa kesho yake ya ule mkutano. Siku kumi zote, wakati wao wanasugua vidole mpaka ngozi inachubuka, barua ilikuwa tayari inalala mfukoni. Na akakumbuka wageni wawili waliopita wiki ile wakipima uwanja kwa kamba, wakisema wanatafuta nyumba ya kupanga. Kumbe ni hii. Alitaka kumrukia, ampokonye ile karatasi aitafune.

"Anasema nini?" akauliza Koko Bénédicte.

"Anasema maneno ya uchafu, koko. Lala."

Papa Jérôme akatoka, karatasi juu, bluzi mwilini, anaelekea moja kwa moja kwa wazee walioketi uwanjani ili awasomee na wao.

"Simama!"

Alisimama kabla hajajua kwa nini. Sauti hiyo ndiyo iliyomfundisha sala zake alipokuwa na miaka saba.

"Jérôme," akasema Muzee Mathieu, "usivuke mustari. Gants!"

Ili kutoa gants ilibidi aiweke karatasi mahali. Akamnyooshea Hortense. "Shika."

Hortense akaweka mikono mgongoni.

"Ulishika kitanda," akasema. "Ukashika kifuniko ya ndoo. Kiisha ukashika ile karatasi. Ni uchafu. Tupa."

"Hii ni barua ya komite!"

"Tupa uchafu," akasema Muzee Mathieu.

"Muko na kichaa? Iko na cachet!"

Hortense hakumjibu. Akamgeukia mfundishaji. "Monsieur Kasereka, miye ni mufagiaji. Weye uko na diplome. Umuambie."

Macho yote yakamwendea Kasereka. Aliyemlipia formation ile ni Papa Jérôme, na formation ijayo pia ingetoka kwake, kila mtu alijua. Kasereka akasogea mpaka kwenye mstari.

"Ni kweli, Président," akasema. "Karatasi haioshwe. Inachomwa."

Papa Jérôme aliangalia ukuta, akaangalia wanawake wanane waliosimama mbele yake, akaangalia mstari wa chokaa mbele ya viatu vyake. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kipindupindu, na bluzi ilikuwa imemganda. Akaachilia karatasi ndani ya pipa.

"Gants!" akasema Muzee Mathieu. "Mikono! Hapana, hiyo si kuosha. Rudilia."

Alirudia mara tatu. Alipovuka mstari hatimaye, mikono inanuka chlore na koti limekunjamana, alimnyooshea Hortense kidole.

"Nitaandika ingine."

"Andika," akasema Hortense. "Na kuileta, utapitia hapa hapa."

Akavaa gants mpya, akanyanyua pipa, akalipeleka kwenye shimo nyuma ya jiko. Alliance alikuja na kiberiti. Walisimama pale wote wawili mpaka muhuri nao ukaungua.